Undugu Hautangazwi: Vijana Wanaokutanishwa na Ndoa ya Wazazi

Kwa muda sasa mitandao ya kijamii, vipindi vya redio na vijiwe vya mijini vimekuwa vikiurudia mjadala mmoja: je, mwanamume aoe mwanamke mwenye watoto, na je, mwanamke akubali kuingia katika nyumba ya mgane au mtalaka aliyebaki na watoto wake? Neno "singo maza" limegeuka tusi kwa upande mmoja na bendera kwa upande mwingine, na kila baada ya siku chache huzuka kisa kipya kinachowagawa wasikilizaji. Nimeufuatilia mjadala huu kwa makini, na ninaona kwamba umeelekea pasipo penyewe. Wanaobishana huzungumza kana kwamba nyumba ya namna hii ina watu watatu tu: mume, mke na mtoto wa kambo. Nyumba nyingi zinazoundwa leo zina watoto wa pande zote mbili, na mara nyingi watoto hao si wachanga tena bali ni vijana wa miaka 13 hadi 18, wenye kumbukumbu kamili za nyumba waliyotoka na macho makali juu ya nyumba waliyoingia. Hao ndio watakaolala chumba kimoja, watakaopanga foleni moja ya bafu alfajiri na watakaokaa meza moja ya chakula. Na hao ndio wasiotajwa kabisa.

Hoja yangu ni kwamba penye vijana wa pande mbili, nyumba haivunjwi na upungufu wa upendo wa baba au mama wa kambo kama tunavyoaminishwa. Huvunjwa na tabia ya watu wazima kuwadai vijana undugu siku ile ile ya kwanza, ilhali mambo yanayoujenga undugu, yaani kitanda, jina, ada, zamu ya vyombo na hatima ya nyumba wanamoishi, yameachwa bila kupangwa wala kusemwa. Haki itangulie. Mapenzi yatakuja kwa wakati wake, na hata yasipokuja, heshima peke yake inaweza kuendesha nyumba kwa miaka mingi bila mtu kuumizwa.

Wapo wanaosema kwamba jambo hili si geni, kwa kuwa mababu zetu waliishi na watoto wa kambo bila makelele. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ndoa za pili zilikuwapo siku zote, kutokana na vifo, talaka na ndoa za mitala, lakini jamii nyingi zilikuwa na kanuni iliyoamua mapema mtoto ni wa nani. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, mahari iliyotolewa iliwaweka watoto upande wa baba yao, na mama alipoolewa kwingine watoto wakubwa walibaki kwa babu, bibi au baba mdogo. Katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama vile Wamakonde, Wayao na Waluguru, watoto walikuwa na mjomba na ardhi ya upande wa mama, hivyo mume mpya hakuwa ndiye mwamuzi wa maisha yao. Na katika nyumba ya mitala, watoto wa mama mbalimbali walikuwa na baba mmoja, ambaye damu yake iliwaunganisha hata pale mama zao walipokuwa hawasemezani. Hali tunayoiona sasa ni nyingine. Vijana wawili wasio na baba mmoja wala mama mmoja, wasio wa ukoo mmoja na pengine wasio wa dini moja, wanaingizwa katika vyumba viwili na sebule huko Tabata, Mwanza au Nairobi, bila babu wa kuwaamua na bila ua wa nyumba ya pili wa kukimbilia. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Mzazi mwenye watoto watatu akioana na mwenzake mwenye watatu, jioni ya siku hiyo kaya imefika watu wanane, huku mkataba wa kodi, idadi ya vitanda na ukubwa wa sufuria vikiwa vile vile.

Tazama kwanza suala la jina, ambalo watu wazima hulichukulia kuwa dogo. Sisi humwita mzazi kwa jina la mtoto wake, na kwa kawaida ni yule wa kwanza. Tuseme mwanamke amejulikana kwa miaka 16 kama Mama Zawadi, akaolewa na mwanamume ambaye mtaani kwake anaitwa Baba Juma. Akihamia kwa mumewe, muuza genge, mjumbe wa nyumba kumi na majirani wote watamwita Mama Juma kuanzia asubuhi ya kwanza, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Zawadi, aliyekuwa akisikia jina lake kila mama yake anapoitwa, sasa anasikia la mvulana asiyemjua. Juma naye, ikiwa mama yake alifariki dunia miaka miwili iliyopita, anasikia jina la marehemu mama yake likipewa mtu mwingine dukani mbele yake. Vijana wawili wamejeruhiwa na neno moja, kila mmoja kwa njia yake, na jioni wakinuniana mezani tutasema wana wivu. Ongeza hapo nafasi ya kuzaliwa: msichana aliyekuwa kifungua mimba anageuka wa pili kwa sababu wa upande wa pili amemzidi mwaka mmoja, na kitinda mimba aliyezoea kudekezwa anakuta kuna mdogo zaidi yake. Heshima ya mkubwa na huruma kwa mdogo ni mambo mazito katika malezi yetu, na kumvua kijana nafasi hiyo bila hata kumwambia neno ni kumnyang'anya kitu alichokuwa nacho tangu azaliwe.

Ndugu yangu mmoja aliolewa mara ya pili akiwa na binti wa miaka 15, na mumewe alikuwa na wavulana wawili. Nilipowatembelea mwezi wa nne baada ya harusi nilikuta nyumba safi na tulivu, na wazazi wote wawili wakanihakikishia kuwa watoto wamezoeana. Nilipokwenda kunawa mikono niliona kwenye kikombe cha bafuni miswaki minne. Wa tano ulikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi la yule binti, begi ambalo lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba likiwa na nguo zilizokunjwa, kwa kuwa kabati lilikuwa limejaa nguo za wavulana na hakuna aliyemwachia hata rafu moja. Hakuwa amegombana na mtu yeyote. Alikuwa akiamka, akitoa mswaki, akiurudisha, akifunga zipu. Methali yetu inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya binti huyu ilikuwa zipu ile. Wazazi walikuwa wameusoma ukimya wake kama kuridhika, wakati ulikuwa ukimya wa mtu ambaye bado hajafika.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika mwambao wetu na visiwani, lipo jambo jingine ambalo mijadala ya mitandaoni hulipita bila kuligusa. Kwa mujibu wa sharia, binti wa mke huwa maharimu wa mume mpya, yaani hawawezi kuoana kamwe, ndoa ikishatimia, lakini hawi maharimu wa mtoto wa kiume wa mume huyo, kwa sababu hawana nasaba na hawakunyonya ziwa moja. Wanaweza hata kuoana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 14 kinachotaja ndugu wasioruhusiwa kuoana, haiwahesabu watoto wa kambo wa pande mbili. Basi msichana wa miaka 14 ambaye nyumbani kwa mama yake alikuwa akitembea kichwa wazi na kanga moja, sasa anatakiwa ajitande mtandio kila anapotoka chumbani kwenda msalani. Mama anamwambia, "Huyu ni kaka yako." Mwalimu wa madrasa anamwambia si kaka yake. Wote wawili wanasema kweli kwa namna yao, lakini aliyebeba mgongano huo kichwani, kwa maana halisi ya neno, ni mtoto. Hata katika familia zisizo za Kiislamu swali ni lile lile kwa sura nyingine, kwani vijana wanaobalehe, wasiokua pamoja tangu utotoni, wanahitaji mlango unaofungika, pazia la bafu na utaratibu unaojulikana wa nani analala wapi. Mzazi anayeona aibu kulizungumza hili anadhani anawatunzia heshima, kumbe anawaacha peke yao katika jambo linaloweza kuwaharibia maisha.

Sasa nizitazame hoja za wale wanaofikiri tofauti. Hoja ya kwanza, ambayo naiheshimu, ni ile ya wazazi wanaotangaza tangu siku ya harusi kwamba katika nyumba hii hakuna neno kambo, wote ni ndugu. Nia yao ni njema, maana wanajua jinsi neno hilo lilivyotumika kubagua chakula na nguo. Tena wana lugha upande wao: Kiswahili humwita mdogo wa kiume wa baba "baba mdogo" na mtoto wake "kaka" au "dada", na tumekuwa tukisema undugu ni kufaana, si kufanana. Hata hivyo, methali hiyo hiyo inaeleza udhaifu wa tangazo lao. Kufaana ni matendo, na matendo yanahitaji muda. Baba mdogo ni baba kwa sababu alikubeba ukiwa mchanga, alikuja msibani, alikulipia nauli. Jina lilitangulia lakini kazi ilifuata mbele ya macho yako. Kijana wa miaka 16 anayeambiwa ghafla kwamba mtu aliyekutana naye mara mbili ni dada yake anajua kuwa hilo bado si kweli, na anapolazimishwa kulitamka anajifunza kwamba katika nyumba hii maneno hayahitaji kulingana na mambo. Mwanasaikolojia Mavis Hetherington wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyezifuatilia familia za Marekani kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba mwanzo wa ujana ni kipindi kigumu kuliko vingi kwa mtoto kupokea ndoa mpya ya mzazi, na kwamba kutulia kwa nyumba za aina hii huhesabika kwa miaka, si kwa miezi. Marekani si kwetu, lakini balehe haina uraia. Neno kambo lisitumike kumdhalilisha mtu. Kwa hilo niko pamoja nao. Ila kijana aachiwe amwite mwenzake kwa jina lake mpaka siku atakapoona mwenyewe kwamba jina lingine linamfaa.

Hoja ya pili ni ya wale wanaoshauri watoto wakubwa wapelekwe kwa bibi au shule ya bweni mpaka ndoa itulie. Zipo nyakati ambapo ushauri huu una maana. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyebakiza miezi michache kufanya mtihani wa taifa hana sababu ya kuhamishwa shule kwa ajili ya harusi ya wazazi, na akiomba mwenyewe kubaki kwa shangazi hadi Novemba, asikilizwe. Lakini kama utaratibu wa jumla, njia hii huahirisha tatizo na kulikuza. Mtoto anarudi likizo akiwa mgeni, anakuta wenzake wameshagawana vyumba, wameshazoea utani wa mezani asiouelewa, na anaondoka tena kabla hajazoea. Yule wa upande wa pili aliyebaki nyumbani anajifunza kwamba mwenye nyumba ni yeye. Na kijana aliyepelekwa mbali hafikii hitimisho kwamba mama amepumzika. Anafikia hitimisho kwamba mama alichagua. Nimewasikia watu wazima wenye miaka 40 wakilisimulia jambo hilo kwa sauti iliyobadilika, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba bweni lilimsaidia kumpenda ndugu yake wa kambo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa: mtoto ni mtoto, haulizwi, atazoea. Wenye kuisema huiita mila, ilhali mila zetu zenyewe ziliwaita vijana waliofikia umri kwenye jando na unyago wakafundishwa mambo ya nyumba kwa sababu walihesabiwa kuwa na akili ya kuyabeba. Kisheria pia hoja hiyo haina mguu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na mawazo yake haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na kifungu cha 8 kinamtaka si mzazi tu bali yeyote anayeishi na mtoto chini ya uangalizi wake amtunze kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kumsikiliza hakumaanishi kumpa kura ya turufu juu ya ndoa ya mzazi wake. Mzazi aliyebaki peke yake ana haki ya mwenza, na ninaitetea haki hiyo dhidi ya wale wanaowataka wajane na watalaka wajifungie. Ninachosema ni kwamba kijana aambiwe mapema, aulizwe anachohofia, na ajibiwe kwa ukweli. Na hilo "atazoea" lina gharama yake: kijana asiyezoea haendi kulalamika serikalini, anahamia taratibu kwa rafiki, anaanza kuchelewa kurudi, na siku moja harudi.

Kinachobaki ni mambo ya fedha na mali, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu ndipo ukimya wa wazazi unapokuwa mzito. Nchini Tanzania elimu ya sekondari ya serikali haina ada tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita vilifuata mwaka 2022, lakini sare, nauli, madaftari na twisheni bado vinatoka mfukoni. Katika nyumba ya pande mbili, mmoja huwa na baba mzazi anayemtumia fedha za viatu na simu, na mwingine hana wa kumtumia. Usawa kamili hapo hauwezekani, na wazazi wanaojaribu kuulazimisha kwa kumzuia mtoto asipokee zawadi ya baba yake wanamdhulumu. Wanachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kile kinachotoka katika mfuko wa nyumba kinagawiwa kwa kipimo kimoja kinachojulikana na wote. Bima ya afya ni mfano mwepesi. Utaratibu tuliouzoea humhesabu mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Nyumba yenye watoto sita lazima iamue ni wawili gani watabaki nje ya kadi, na kijana atakayegundua kwamba walioachwa ni wa upande wake, akigundulia hospitalini dirishani, hatahitaji kuambiwa zaidi kuhusu nafasi yake. Ikiwa hakuna njia ya kuwaingiza wote, angalau uamuzi ufanywe kwa sababu inayotamkika mbele yao, kama vile ugonjwa au umri, na gharama za waliobaki zitengewe fungu.

Nyumba yenyewe ni jambo lingine. Wavulana waliomwona mama yao akibeba mchanga na kupika chakula cha mafundi wakati msingi unajengwa wanamtazama mke mpya na watoto wake kwa hofu ambayo tunaiita chuki. Wanahofia kwamba jasho la mama yao litarithiwa na wageni. Hofu hiyo inaweza kupunguzwa kwa ukweli wa kisheria ambao wazazi wengi hawaujui au hawautamki: kwa sharia ya Kiislamu mtoto wa kambo hana fungu katika mirathi ya baba wa kambo, isipokuwa akiachiwa kwa wasia usiozidi theluthi ya mali, na sehemu aliyokuwa nayo marehemu mama katika nyumba ina warithi wake, wakiwamo watoto wake. Ukweli huo huo unaonyesha hofu ya upande wa pili, kwani binti aliyeingia na mama yake anaweza kuishi katika nyumba hiyo miaka kumi, akafagia na kupika humo, kisha baba wa kambo akifariki akajikuta hana hata haki ya kitanda. Mzazi aliyeandika wosia, akauhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au mahali pengine salama, na akawaeleza vijana wa pande zote mbili kilichomo, amewaondolea sababu ya kuviziana. Wanaweza kuanza kugombania rimoti ya televisheni kama ndugu wengine.

Yapo pia majukumu ya kila siku, ambayo mara nyingi humwangukia msichana. Binti anayeingia katika nyumba ya wavulana hujikuta katika wiki ya kwanza akiosha vyombo vya watu wanne na kufua jezi za kaka asiowajua, kwa hoja kwamba ndiye msichana wa nyumba. Hapo neno dada limebeba maana ile nyingine tunayoijua, ya mfanyakazi wa ndani. Zamu ziandikwe na zibandikwe ukutani, wavulana wakiwamo. Na katika kukosoa, ni busara kila mzazi katika miezi ya mwanzo amkanye wa kwake, kwa kanuni ambazo wawili wamekubaliana faraghani, kwa sababu kofi au karipio la baba wa kambo mbele ya watoto wake mwenyewe humfanya kijana ajione amekuwa chini ya nyumba nzima.

Dola na taasisi za dini zina nafasi ambayo hazijaitumia. Sheria ya Ndoa inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na inawataka wanandoa wapite baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Tuna siku za kusubiri kabla ya kuoana na tuna baraza la kabla ya kuachana, lakini kwa vijana wanaohamishiwa nyumba moja hatuna hata saa moja. Makanisa yanayotoa mafundisho ya ndoa na masheikh wanaofungisha nikaha hukutana na wachumba hawa mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Pale mchumba mmoja au wote wawili wanapokuwa na watoto wa umri wa sekondari, kikao kimoja kiongezwe ambacho vijana hao watahudhuria, na afisa ustawi wa jamii wa kata aalikwe ikiwezekana, ili vijana wamfahamu kwa sura na waijue namba ya bure 116 ya kuwasaidia watoto, kabla hawajaihitaji. Kikao hicho hakihitaji hotuba juu ya upendo. Kianze kwa kuwauliza wazazi, vijana wakisikia, kila mtoto atalala wapi usiku wa kwanza, na nguo zake zitawekwa kwenye rafu ipi.